Fahali na Kifaranga Bomba Moja

ULIZA FUNDI: maswali ya wasomaji

"Mzee Fundi, shikamoo. Nyumba yangu imeshapigwa plasta na rangi. Kutoka kwenye boksi la breka hadi barazani limezikwa bomba moja la plastiki la milimita 20, na ndani yake mna nyaya tatu za taa ya nje ya volti 230. Sasa nataka taa ndogo za bustani za volti 12, kengele ya mlango na kamera moja. Fundi wa kwanza kasema nyaya zote zipite humohumo, 'umeme ni umeme'. Wa pili kakataa katakata: fahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo ukuta uchimbwe upya. Mke wangu hataki hata kulisikia neno kuchimba. Nimsikilize nani?" (Mwenye Baraza)

Marahaba, mwanangu. Msikilize mkeo. Ukuta hautachimbwa, na njia nitakuonyesha. Mafundi wako wamekosea wote wawili, ila wa pili amekosea kwa upande wa usalama, na fundi wa namna hiyo huwa simgombezi sana.

Methali aliyokupa ni nzuri lakini kaiweka pasipo pake. Fahali wawili katika bomba moja hukaa, tena kwa amani. Saketi ya taa na saketi ya soketi, zote za volti 230, hata na nyaya za mota ya volti 400, nimezilaza pamoja mara nyingi na zingali zinafanya kazi. Wote wana ngozi nene. Balaa ni kumfungia fahali pamoja na kifaranga, na kifaranga ndiye huo waya wa kengele.

Nina kopo la bati ninamohifadhi vipande vya nyaya vilivyowahi kuniaibisha. Kimoja ni cha waya wa kengele, mweupe, mwembamba kama utambi. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini na tayari najiita fundi. Niliuvuta waya huo ndani ya bomba lenye nyaya za umeme mkubwa, bomba la kona mbili, bila kupaka kilainishi chochote. Kwenye kona ya pili ukakwama. Nikaukaza mkono, ukaja. Kengele ikalia, mwenye nyumba akacheka, nikalipwa nikaondoka. Wiki chache baadaye nikaitwa: kitufe cha mlangoni, kile chenye bamba la chuma, "kinang'ata". Nikaweka kidole nikidhani ni maneno ya waoga. Kovu lipo mpaka leo.

Tulipouchomoa waya, tukaona. Ganda la waya wa kengele lilichunika kwenye kona kwa urefu kama wa ukucha. Si hilo tu. Uzi mwembamba unapovutwa kwa nguvu juu ya waya uliolala, hufanya kama msumeno. Plastiki hupata moto kwa msuguano na kukatika. Kwa hiyo hata waya wa laivu, ule unaoleta umeme, wenye ngozi nene, ulikuwa na mfereji mwembamba uliofika kwenye shaba. Shaba imeonana na shaba.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu mafundi wengi hawapafikirii. Breka haikuanguka. Kwa nini ianguke? Transfoma ya kengele, kile kifaa kinachoshusha volti, imetengenezwa makusudi ili upande wake wa volti ndogo usiungane na ardhi wala na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Hilo ndilo linaloufanya uwe salama siku za kawaida. Lakini laivu ikiugusa, umeme hauna njia ya kurudi, mkondo haupiti, na breka haina habari. Saketi nzima ya kengele inapanda tu hadi volti 230 kwenda ardhini, kimya, kengele ikiendelea kulia vizuri kama jana. Inasubiri mtu mwenye miguu chini aje abonyeze.

Kwa hiyo unapotaka kuchanganya, swali la kwanza ni ganda, wenye vitabu huliita kihami: je, kila waya ulio humo ndani una ganda linaloweza kuhimili volti kubwa kuliko zote zilizomo? Chukua kipande cha waya, kiweke kwenye mwanga, usome maandishi yaliyochapwa ubavuni. Utakuta mfano 300/500 au 450/750. Namba ya kwanza ni volti ambazo ganda limeundiwa kati ya waya na ardhi, ya pili ni kati ya waya na waya. Kwenye umeme wa 230 kwenda ardhini na 400 kati ya fezi na fezi, yaani laivu na laivu, vyote viwili vinatosha. Waya wa kengele mara nyingi hauna maandishi yoyote. Usioandikwa, kwangu mimi, ni sifuri.

Kanuni za nchi kubwa zinasema karibu jambo hilohilo, kila moja kwa lafudhi yake. Uingereza, katika kanuni zao za BS 7671, wamegawa nyaya makundi mawili: kundi la kwanza ni la kengele, simu na ishara, lisilozidi volti 50 za mkondo geu (AC, kama wa nyumbani) au 120 za mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), kundi la pili ni umeme wa nyumbani na viwandani hadi volti 1000. Makundi hayo hayachanganywi, isipokuwa kila waya uwe na ganda la volti ya juu kabisa iliyopo, au kuwe na kizuizi, au chumba tofauti ndani ya mfereji, au ngao ya chuma iliyoungwa ardhini. Marekani nao wanaruhusu saketi za volti tofauti hadi 1000 zilale pamoja kwa sharti hilo la ganda. Ila kwa nyaya za ishara zenye nguvu ndogo, kama za kengele na za kidhibiti joto, ni wakali zaidi: kwa kawaida hawazitaki kabisa ndani ya bomba la umeme mkubwa, hata ganda lake liwe zuri namna gani. Nami nakubaliana nao. Ganda zuri leo limevutwa na kijana mwenye haraka kesho.

Haya, baraza lako. Badala ya kupitisha volti 12 ndani ya bomba, acha bomba liendelee kubeba 230 peke yake, na transfoma uiweke mwisho wa safari, kule barazani, ndani ya boksi lisiloingiza maji. Ukifanya hivyo unaua ndege wawili. Piga hesabu nami: taa za bustani tuseme ni wati 60. Kwa volti 12 hizo ni ampea 5. Kutoka boksi la breka hadi barazani tuseme ni mita 20, waya wa milimita mraba 1.5, ambao una ukinzani wa omu 0.0121 kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 40, yaani omu karibu nusu. Ampea 5 zikipita hapo unapoteza volti 2.4 njiani, na taa inapokea 9.6. Zitawaka kama zina homa. Mzigo uleule wa wati 60 kwa volti 230 ni robo ampea tu, na upotevu njiani haufiki hata sehemu mbili za kumi za volti. Kumbe hata kama kusingekuwa na hatari yoyote, fundi wako wa kwanza angekuletea taa mbovu.

Angalizo moja. Kati ya nyaya zako tatu, moja nadhani ni ya swichi, nyingine nyutro, ya tatu ardhi. Ukiunga transfoma ya kengele kwenye waya wa swichi, ukizima taa umezima na kengele. Vuta waya wa nne, laivu ya kudumu, ganda lilelile la 450/750, kutoka breka ileile. Bomba la 20 lina nafasi. Kwanza toa za zamani, ukiwa umefunga kamba kwenye mkia wake ili ibaki bombani, uzifunge pamoja na mpya, uzivute zote kwa mara moja na kilainishi. Usiusukume mmoja katikati ya zilizolala; nimeshakueleza habari za msumeno.

Kamera usiipitishe humo. Watu hudhani tatizo ni kelele ya umeme kuingia kwenye picha. Kebo ya intaneti ina jozi zilizosokotwa, na kule kusokotwa kunaifuta kelele vizuri tu. Ni kamera za zamani za kebo ya koaksia zinazoonyesha mistari inayopanda kwenye skrini. Kinachonisumbua mimi ni kwamba upande wa pili wa kebo ile kuna mtu ameshika kompyuta. Ipitishe darini, mbali na nyaya za umeme, na pale inapolazimika kuzivuka izivuke kwa pembe mraba. Au nunua kamera isiyohitaji kebo ya mawasiliano, uipe umeme kutoka kwenye boksi lako jipya la barazani.

"Habari za kazi, Mzee Fundi. Mimi ni seremala. Karakana yangu ina randa yenye mota ya fezi tatu, volti 400, na taa za volti 230. Fundi kazipitisha zote kwenye bomba moja la chuma, pamoja na nyaya za vitufe vya kuwashia mota, ambazo alisema ni volti 24. Jirani anadai bomba litalipuka siku moja. Isitoshe, kuna bomba jingine la chuma linaloelekea kwenye msumeno mkubwa, nikiligusa lina uvuguvugu. Hilo ni la kawaida?" (Mwenye Randa)

Njema kabisa, fundi mwenzangu wa mbao. Jirani mwache na maneno yake. Volti 230 na 400 katika karakana yako ni mama na mwana: chukua fezi mbili, kila moja ikiwa 230 kwenda nyutro, upime kati yake, utapata 230 mara 1.73, ambayo ni 400. Ni umeme mmoja uliopimwa mahali tofauti. Ganda la 450/750 linawatosha wote.

Za volti 24, uliza moja tu: zimetengenezwa kwa waya gani? Kama fundi wako ametumia waya uleule wenye ganda la 450/750, na zinahudumia mota hiyohiyo iliyomo ndani ya bomba, sina ugomvi naye. Kama ni waya wa simu aliokuwa nao mfukoni, mwite arudi.

Kinachonipa mashaka ni joto. Waya wa milimita mraba 2.5, saketi moja tu ya fezi moja ndani ya bomba ukutani, hubeba ampea 24. Ukijaza saketi tatu zinazofanya kazi kwa nguvu, majedwali yanakuambia zidisha kwa 0.7, ubaki na 16.8. Saketi sita, zidisha kwa 0.57, hufiki hata 14. Sababu si fumbo. Waya huo ukibeba ampea 20, kila mita yake moja inatoa joto la karibu wati 3. Na kwa kuwa kuna wa kwenda na wa kurudi, ni wati 6 kila mita, ndani ya bomba lisilo na upepo. Weka saketi tatu za hivyo uone umewasha jiko la aina gani ukutani. Plastiki ya kawaida ya ganda imeundiwa nyuzi 70, na ikizidishiwa kila siku inakakamaa, inapasuka, na ndipo hadithi ya volti inaporudi kwa mlango wa nyuma. Nyaya za vitufe hazihesabiwi humo, mkondo wake ni mdogo mno kupasha kitu.

Sasa lile bomba vuguvugu. Hapo ningekuja mwenyewe kama ningeweza. Fungua boksi la mwisho wake, umeme ukiwa umezimwa, uhesabu nyaya. Nina hofu utakuta fezi zimepita humo na nyenzake zimepita kwingine, pengine kwa sababu bomba lilikuwa dogo na fundi akagawa. Bomba la chuma halipendi hilo kabisa. Waya wenye mkondo geu una usumaku unaozunguka nje yake. Fezi zote tatu zikiwa pamoja, au fezi na nyutro yake, sumaku zao zinafutana na chuma hakihisi kitu. Ukitoa mmoja ukaupitisha njia nyingine, sumaku iliyobaki inalizunguka bomba, na chuma chenyewe kinaanza kuzalisha mikondo yake ya ndani na kupata moto, hata kama nyaya ni nene na hazijazidiwa. Nimewahi kuona rangi ya bomba imegeuka kahawia kwa ajili hiyo. Hakuna breka inayolilinda bomba dhidi ya kosa hilo. Dawa yake ni moja, kurudisha nyaya za saketi moja kwenye bomba moja, zote, na waya wa ardhi wake ukiwemo.

Na kabla sijakuacha: wewe una saketi mbili au tatu kwenye boksi moja. Siku balbu ikiungua, mtu atazima breka ya taa, atafungua boksi, ataona giza na kuamini kila kitu kimekufa, huku nyaya za randa zimesimama hai na 400. Hii, kwa niliyoyaona mimi, imewaumiza watu wengi kuliko ganda bovu, na nimewafundisha vijana wa kutosha. Andika juu ya kifuniko: "Humu mna saketi mbili, breka namba fulani na fulani." Usitegemee rangi za nyaya. Uingereza walibadilisha rangi zao; tangu 2006 kazi mpya zote zina nyutro ya bluu na nyeusi ni fezi, wakati kabla ya hapo nyeusi ndiyo ilikuwa nyutro na bluu mojawapo ya fezi. Marekani nyeusi ni laivu na nyutro ni nyeupe. Mtu akirithi jengo lenye nyaya za zama mbili, rangi zinamdanganya mchana kweupe. Pima kila waya, kila mara, na kabla ya kuamini kipimo jaribu kipimo chenyewe mahali unapojua pana umeme.

"Mzee, taa ya LED ya ukumbini nikiizima inaendelea kuwaka hafifu kama kimulimuli. Fundi akapima waya mmoja ndani ya boksi la swichi, waya usioungwa popote, mita ikasoma volti 85. Watoto wanasema nyumba ina majini." (Mama wa Watatu)

Mwanangu, waambie watoto jini wenu ana jina refu na anaishi ndani ya bomba. Nyaya mbili zikilala ubavu kwa ubavu mita nyingi, moja ina umeme na nyingine haina, zinakuwa kama vibamba viwili vya kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme), na ganda ndilo lililo katikati. Umeme geu hupenya kidogo kupitia hapo. Ni kidogo sana. Lakini mita za kisasa zina ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu milioni 10, kwa hiyo hazinywi karibu chochote, na huonyesha hata hicho kidogo kama ni volti halisi. LED nayo haihitaji kitu kikubwa ili ionekane gizani. Balbu ya zamani ya uzi isingewaka kwa mkondo huo hata siku moja, ndiyo maana bibi yako hakuwahi kulalamika.

Lakini sitaki fundi wako aende nyumba ya pili na kusema kila volti 85 ni jini. Kuna volti za uvujaji zinazotoka kwenye ganda lililochubuka, na mita inaziandika vilevile. Namna ya kutofautisha ni kumpa jini kazi. Chukua mita yenye ukinzani mdogo, au unganisha balbu ya uzi ya volti za nyumbani kati ya waya huo na nyutro, kwa tahadhari zote za umeme hai, kisha pima tena. Ikianguka hadi karibu sifuri, kwa kawaida ni ujirani tu wa nyaya. Ikibaki, au balbu ikionyesha hata wekundu, zima na utafute jeraha.

Kwa taa yenyewe, kwanza mhakikishe swichi inakata laivu na si nyutro. Hilo peke yake huponya nyumba nyingi. Kama kweli ni nyaya ndefu zilizolala pamoja, kuna kifaa kidogo chenye kapasita na ukinzani kinachofungwa sambamba na taa kumeza hicho kidogo. Na waya usioungwa popote usiuache unaning'inia. Ufungwe mwisho wake kwa kofia, uandikwe unatoka wapi.

"Nyaya za paneli za jua zinazoshuka kutoka paani naweza kuzipitisha bomba moja na za umeme wa kawaida? Ganda lake ni nene kuliko yote, nimesoma limeandikwa volti 1500." (Wa Paani)

Umefanya vizuri kusoma. Kwa ganda umeshinda. Hata hivyo jibu langu ni hapana, na kanuni za Marekani zinakataa pia, labda kuwe na kizuizi katikati.

Umeme wa kawaida wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Cheche ikitokea kati ya nyaya mbili, kila mara hiyo inapata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli haupiti sifuri. Paneli kumi zilizofuatana za volti 40 kila moja ni volti 400 zilizonyooka, na cheche yake ikishaanza inakaa, inakula ganda la jirani, inakula bomba. La pili ni kwamba mtu akizima swichi kuu ya nyumba, jua halikuzimika. Fundi anayefungua boksi saa sita mchana akijua amekata kila kitu anakutana na nyaya ambazo hakuna breka ya chini inayozihusu. Bomba lake liwe lake, lenye maandishi yake, tena uandike kila mahali ambapo mtu anaweza kulikata kwa msumeno.

"Nimesoma toleo lililopita ulipogusia jambo hili kwa kifupi nikashika kichwa. Mimi nilipitisha waya wa kengele na wa spika kwenye bomba la soketi, miaka mitatu sasa. Hakuna lililotokea. Niviache?" (Mkosaji)

Karibu chamani. Hata ule wa kwangu kwa wiki zile chache ulikuwa "hakuna lililotokea".

Ukitaka kujua hali ya leo, zima umeme, fungua ncha zote za waya wa kengele na wa spika, uondoe kila kifaa chenye elektroniki upande wa soketi pia, kisha mwombe fundi mwenye kipima ganda apime kwa volti 500 kati ya waya mdogo na nyaya kubwa zilizoungwa pamoja. Chini ya omu milioni 1 hakuna mjadala, vitoke leo. Kikisoma mamia ya mamilioni, umepata muda wa kupanga kazi bila hofu, ila usije ukakigeuza kipimo hicho kuwa cheti. Kinasema habari za leo tu, na nyaya za soketi zinapata joto na kupoa kila siku zikijisugua hapo kwenye kona.

Vitoke, basi, lakini si kwa kuvikwanyua. Ukivuta waya mwembamba kwa nguvu utaukata wa soketi uliokuwa mzima, utengeneze kosa ambalo miaka mitatu yote halikuwapo. Toa nyaya zote pamoja kama kifungu kimoja, ukiwa umefunga kamba imara ya nailoni kwenye mkia wake ili ifuate hadi mwisho. Zikague kwenye mwanga, sentimita kwa sentimita, hasa zile sehemu zilizokaa kwenye kona. Za soketi zisizo na mchubuko zirudishe kwa kamba hiyohiyo na kilainishi. Zenye mchubuko usizifunge tepu na kuzirudisha bombani. Maungio na viraka vya tepu mahali pake si ndani ya bomba ambako hakuna atakayeviona tena. Nunua mpya. Na utakapovuta, vuta na kamba ya pili tupu uiache humo, ncha zake zikiwa ndani ya maboksi, maana mwakani kuna mtu wa nyumba hiyo atataka waya mwingine.